Sindano za Mwanangu na Sauti ya Korongoni

Mwanangu wa mwisho alikuwa na sauti ya mtu aliyekufa. Sisemi alifanana naye. Nasema ilikuwa sauti ileile, nyembamba, inayopanda mwishoni kana kwamba anauliza hata pale asipouliza. Huyo aliyekufa alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na mimi ni mmoja wa waliomcheka mpaka akaingia kaburini. Niliishia darasa la nne la misheni, lakini kuandika najua, na hili naliandika mwenyewe kwa mkono wangu kabla wajukuu hawajaanza kulisimulia wanavyotaka.

Nilipoolewa huku Kilema mlimani, shemeji alikuwa na kibanda chake cha majani pembeni mwa kihamba cha ukoo, shamba letu la urithi, pale migomba inapoishia na korongo linapoanza. Alikuwa mrefu, mikono inakaribia magoti, uso laini kuliko wangu mimi bibi harusi. Kidevu hakikuwa na unywele. Mke hakuwa naye, na hakuna aliyemtafutia. Kazi alifanya: kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, kufagia. Kazi za kike zote alipewa yeye, nasi wanawake tukakaa tukimtolea maneno.

"Shemeji, nikuazime kanga?"

"Niazime, shemeji, hii suruali imechoka," alikuwa akinijibu, na anacheka na sisi. Hilo ndilo lililotufanya tuendelee.

Siku moja mke wa kaka mkubwa wa mume wangu akaninong'oneza, "Yule hajui kitu kilichooza. Mjaribu uone." Nikachukua maziwa yaliyoharibika, yale ya kumwaga shinani mwa mgomba, yananuka hadi mbwa anageuza kichwa. Nikamtilia kwenye kibuyu. Akanywa yote. Akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Asante, shemeji. Mungu akuzidishie." Tulicheka tukashika mbavu. Tukasema wazee waliokufa walimkasirikia, wakamnyang'anya pua na ndevu kwa pamoja.

Akafa mwezi wa saba, wakati wa baridi, ukungu umeshuka mpaka huoni mgomba wa tatu. Mimi nilikuwa naosha kahawa. Mchana, si usiku, watu wasiniongezee chumvi. Nikasikia sauti nyembamba upande wa korongoni, inaita, maneno yanamezwa na ukungu. Nikasema ni watoto wanafukuzana. Ikaita tena. Nikasema watoto. Mara ya tatu nilijua. Leo nasema ukweli ambao sikumwambia hata mume wangu: mara ya tatu nilijua kabisa ni nani. Nikasema moyoni, aje mwenyewe na miguu yake mirefu, kahawa yangu isije ikaharibika.

Walimkuta asubuhi iliyofuata, paja limevunjika. Mahali alipoanguka hapazidi kimo cha meza. Watu walishangaa, mtu mzima kuvunjika kwa kuanguka hapo, kama yai. Na kwa kuwa hakuzaa, hakulazwa migombani pamoja na wenzake. Alizikwa ng'ambo ya uzio, karibu na korongo, na hakuna aliyempandia hata isale kichwani, ule mmea wetu wa kuombea msamaha na wa kuonyesha kwamba hapa amelala mtu.

Sasa nirudi kwa mwanangu.

Nilizaa mabinti watano na huyu mmoja wa kiume, mwishoni kabisa. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya baba. Alikua, akarefuka, akarefuka zaidi. Wenzake wakavunja sauti, yeye hapana. Wenzake wakaanza kununua nyembe, yeye akabaki na kidevu cha mtoto wa komunyo ya kwanza. Alipokuwa chumbani akiita "Mama!", nilikuwa nashtuka, naangusha kitu. Vikombe vingi vilivunjika nyumbani kwangu miaka ile. Mume wangu hakuuliza. Nafikiri na yeye alikuwa anasikia.

Mume wangu akafariki. Tukazika, tukamaliza matanga, na kaka yake mkubwa akaniita pembeni.

"Mama, nyumba ya mdogo wangu haiwezi kukaliwa na mtu asiye mwanaume. Tumekwishaona mmoja wa aina ile."

"Mwanangu si aina. Ni mtu."

"Krismasi nataka nimwone ameshika kisu, achinje mbele ya ukoo kama baba yake. Akiwa hivi alivyo, kisu hakipati. Nyumba tutampa mwenye watoto."

Krismasi huku watu wote hupanda mlimani, wa Dar, wa Arusha, wa Mombasa, na mnyama wa ukoo huchinjwa. Anayeshika kisu kwenye kihamba cha baba yake, hicho kihamba ni chake. Hakuna karatasi. Kisu ndicho karatasi.

Mwaka ule, kabla hata ya Kwaresima, mwanangu alianguka akipogoa mti wa mgrivelea. Tawi la chini kabisa. Mkono ukavunjika mara mbili. Niliposikia mlio ule nilikaa chini palepale kwenye majani. Nilikwishaona mfupa wa namna hiyo.

Hospitalini mjini, daktari wa mifupa aliweka picha ya eksirei kwenye taa, akaitazama, akamtazama mwanangu, akaitazama tena.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Ishirini na minne."

"Mifupa yako haijui. Bado iko wazi kama ya mtoto wa darasa la sita."

Akatupeleka kwa daktari mwingine, mzee mwenye miwani minene. Huyo alimchunguza nyuma ya pazia, akatoa damu, akatuambia turudi. Tuliporudi akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Unasikia harufu?"

Mwanangu akatabasamu kwa aibu. "Daktari, mimi nafikiri watu husema tu. Harufu sijawahi kujua ni nini."

Yule daktari akamfumba macho kwa kitambaa, akamwekea sabuni puani. Hakuna. Buni iliyokaangwa. Hakuna. Kitunguu kilichokatwa. "Macho yanawasha," mwanangu akasema, "lakini hakuna kitu." Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi, kibuyu cha maziwa yaliyooza kikanijia mbele ya macho, na mkono wa marehemu ukifuta mdomo. Asante, shemeji. Mungu akuzidishie.

"Mama, katika ukoo kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

"Hapana," nikasema. Haraka hivyo.

Daktari akaeleza. Kuna sehemu ndogo kwenye ubongo inayoamsha mwili wa mvulana uwe wa mwanaume, na kwa watu wachache haijengeki vizuri, na mara nyingi pua nayo hukosa. Homoni ya kiume haitengenezwi ya kutosha. Si laana, si uchawi, si kosa la mama. Ipo sindano ya homoni hiyo. Itamletea ndevu, sauti, nguvu, na itafunga mifupa isivunjike hovyo. Atachomwa maisha yake yote.

"Na watoto?" nikauliza.

"Sindano hii haileti mtoto, mama. Za kuleta mtoto zipo nyingine, hapa sina, na si kila mtu zinamfaa. Hii inampa mwili."

Akatufundisha masharti yake. Mwaka wa kwanza nusu ya kichupa kila mwezi, basi, kwa sababu mwili unatakiwa uamke taratibu kama wa kijana yeyote. Baadaye kichupa kimoja kila wiki tatu. Kila baada ya miezi kadhaa damu ipimwe, maana dawa hii huongeza damu, na damu ikizidi inakuwa nzito. Mguu ukivimba, kichwa kikiuma sana, pumzi ikikata, njooni siku hiyohiyo. "Na kuzidisha hakuharakishi," alisema, akanitazama mimi, si mwanangu. Sijui alinionaje.

Sindano ya kwanza alichomwa na nesi wa zahanati ya chini kwetu. Masika yakaja, njia ikawa utelezi, na mkono wake ulikuwa bado kwenye plasta. Nesi akaniuliza kama naweza kujifunza. Mimi! Ng'ombe wangu wa maziwa nilikuwa nawachoma mwenyewe tangu bwana mifugo anifundishe, kijiji kizima walikuwa wananiita.

"Bibi, huyu si ng'ombe," nesi akasema. "Ng'ombe unampiga shingoni unakimbia. Huyu utaenda polepole."

Akanionyesha. Kalio ligawe mara nne, choma robo ya juu ya nje, maana chini yake kuna mshipa mkubwa wa fahamu, ukiugusa utamlemaza. Dawa yenyewe ni ya mafuta, nzito, ya rangi ya samli iliyoyeyuka. Ishike kwenye kiganja mpaka ipate joto lako. Sindano mpya kila mara, usichemshe ya jana. Vuta kidogo, uone kama damu inakuja, ikija, toka. Kisha sukuma polepole, uhesabu. Leo kulia, mara nyingine kushoto. Andika tarehe kwenye kadi. Nilijua yote. Hakuna lililonipita. Kwa hiyo nilichofanya baadaye sikukifanya kwa ujinga.

Ilipofika mwezi wa saba, nusu kichupa ilikuwa imemwotesha manyoya machache juu ya mdomo, basi. Ukungu ukashuka. Siku moja nikiwa nje nikasikia, "Mama!" kutoka kwenye zizi, na wakati huohuo, au mimi ndivyo nilivyosikia, sauti ileile ikaita kutoka korongoni. Mbili. Moja mbele yangu, moja nyuma yangu. Niliingia ndani nikafunga mlango mchana kweupe.

Watu watasema nilitaka nyumba. Nilitaka nyumba, ndiyo. Lakini zaidi nilitaka sauti ile itoke kwenye koo la mwanangu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinapita Himo kutoka ng'ambo ya mpaka, mitumba, sukari, betri, na dawa zimepangwa juu ya meza kando ya nyanya. Nilimpelekea muuzaji mmoja kichupa kitupu. Akakigeuza juani, akasema anavyo vya kampuni nyingine ila ni kilekile.

"Mgonjwa ni nani, mama?"

"Ni mimi," nikamwambia. Akacheka sana.

Nikaanza kumchoma kichupa kizima. Kila wiki. Kwenye kadi nikaandika ya daktari, nusu kwa mwezi, na siku ya kupima damu nikaiacha ipite. Mwanangu alikuwa analala kifudifudi, uso kwenye mto, ananiamini. Aliniuliza mara moja tu.

"Mama, mbona siku hizi ni mara nyingi?"

"Nyingine ni za vitamini. Tulia."

Na sauti ikavunjika! Mwezi wa kumi aliniita kutoka mgombani nikageuka kutafuta mgeni. Ilikuwa sauti ya baba yake. Nilikaa juu ya gunia la buni nikalia kwa furaha. Ndevu zikatoka, zimekaa ovyo kama nyasi za barabarani. Chunusi zikamjaa mgongoni mpaka shati linashika. Alikuwa anapiga teke ndoo bila sababu, yule mtoto mpole. Uso ukawa mwekundu-mweusi, macho yana damu. Akasema kichwa kinamuuma, nikampa aspirini. Akasema anaona ukungu, nikamwambia ni ukungu kweli. Nilikuwa nahesabu siku za Krismasi, sikuwa namtazama.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, alikuwa anazungusha mashine ya kumenya kahawa. Akaacha. Akasema kwa ile sauti mpya nzito, "Mama, mguu wangu si wangu." Nikapandisha suruali. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kama shina la mgomba, unang'aa, na wa moto. Akajaribu kuvuta pumzi, ikakatika katikati, akakaa chini, mgongo kwenye pipa, akanitazama kama mtoto anayesubiri mama aseme ni nini.

Pikapu ya jirani ilitushusha mjini. Daktari mzee alitoa damu kwenye mkono, na niliiona inavyokwenda, haitiririki, inatambaa. Ilikuwa nyeusi. Alirudi na karatasi mkononi.

"Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kimeruka kwenye pafu. Nani anamchoma?"

"Ni mimi."

"Wewe umesomea wapi uuguzi, mama?"

"Kwa ng'ombe."

"Na ng'ombe ungemfanya hivi?"

Ng'ombe nisingemfanya hivyo. Nikafungua kitambaa nikatoa vichupa vya Himo, vitupu vyote nilikuwa nimevitunza, sijui kwa nini, labda mtu akifanya jambo baya huhifadhi ushahidi wake mwenyewe. Akavipanga mezani. Havikutosha kwenye mstari mmoja.

Dawa ikasimamishwa. Wakamwanzishia sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda. Siku iliyofuata wakamlaza, wakamfunga mpira mkononi, wakamtoa damu, chupa nzima, ili iliyobaki iwe nyepesi. Mimi nikiwa mtoto niliona wazee wakimfunga ng'ombe kamba shingoni, mshipa unavimba, wanaupiga kwa mshale mfupi, damu inaruka kwenye kibuyu, wanainywa na maziwa. Ng'ombe aliachwa akaenda zake malishoni. Nikasimama pale nikiona damu ya mwanangu inaingia chupani, nikasema, Mungu wangu, huyu naye aende zake malishoni. Sikuwa na sala nyingine.

Alipoweza kuzungumza bila kuhema, nilimwambia yote. Vichupa. Kadi ya uongo. Kisha nikaendelea, maana nikifungua mlango siwezi kuufunga nusu: maziwa yaliyooza, kanga, ukungu, sauti iliyoita mara tatu. Alisikiliza akiangalia dari.

"Kwa hiyo aliita," akasema.

"Aliita."

"Na wewe ulikuwa unaosha kahawa."

"Ndiyo."

Siku mbili alikula chakula changu akiwa amenigeuzia mgongo. Siku ya tatu akasema, "Sindano utanikabidhi tu mkononi. Nitajichoma." Na ndivyo ilivyokuwa. Miezi ilipita, damu ikarudi kawaida, daktari akaanza upya na kipimo kidogo, akimwita kupima damu mara kwa mara kuliko mwanzo. Nesi alimfundisha kujichoma pajani, upande wa nje, katikati. Kadi aliitunza yeye. Mimi nilibaki na kazi moja tu, kushika kichupa kiganjani mpaka kipate joto. Hiyo aliniachia. Sikuomba.

Krismasi ile ilipita akiwa kitandani, kaka mkubwa akachinja. Ya mwaka uliofuata alikuja mwenyewe kwenye mduara wa wanaume, ndevu chache lakini zake. Kaka mkubwa akamwangalia juu mpaka chini, kisu amekishika.

"Ndevu naziona. Watoto je?"

"Baba mkubwa, mtoto sitapata, daktari ameshaniambia. Dada zangu wana watoto, na mlango wa nyumba hii hauna kufuli kwao. Kama mnachinja kwa ndevu, nizikate niwape, mzitumie."

Mtu mmoja akapasuka kicheko, wakafuata wengine. Kaka mkubwa alijikaza, midomo ikamsaliti.

"Chinja basi. Inzi wamefika kabla yetu."

Akachinja. Damu ilitoka nyekundu, inakimbia, wanawake wakaikinga ya kisusio, mchuzi wetu wa damu. Kidari kikakatwa, ambacho kwetu ni cha mkubwa wa ukoo. Mwanangu akakata kipande kwenye kile kidari, akanigeukia mbele yao wote.

"Mama. Alilazwa wapi?"

Nilitangulia. Migomba, uzio, korongo. Pamejaa magugu, lakini miguu yangu ilipajua. Aliweka nyama chini juu ya jani la mgomba. Mimi nilichimba kwa jembe nikapanda isale, miche miwili, na udongo ulikuwa laini kama wa jana. Kaka mkubwa alitufuata, akasimama mbali, kofia mkononi. Kidari chake kilichokatwa hakukiuliza.

Sasa mimi ni mzee. Nina wajukuu kumi na mmoja, mmoja yuko chuo kikuu, mmoja ni fundi wa umeme anayetafutwa mpaka Rombo, sijivuni bure. Wote wakija kwangu wakiwa wadogo huwafumba macho kwa kanga, nawawekea buni ya moto puani. "Ni nini hiyo?" "Kahawa, bibi! Kila mara kahawa!" Wanafikiri ni mchezo. Anayekawia kujibu hunikausha mate mdomoni.

Isale imekuwa uzio. Mwanangu yuko kwenye nyumba ya baba yake, sauti yake nzito inafika barabarani.

Na hapo ndipo nilipokosea hesabu. Zamani ukungu ukishuka, nikasikia sauti nyembamba inaita, niliweza kujiambia ni mwanangu. Sasa mwanangu hana sauti ile tena. Mwezi wa saba inaita, mchana, upande wa korongoni, na hakuna mwingine wa kumsingizia. Naacha kahawa ndani ya maji, naacha ikiharibika iharibike, napita migombani nikishika shina hadi shina mpaka kwenye isale.

"Nimekuja, shemeji," namwambia. "Nimechelewa."

Nasimama pale hadi ukungu unilowanishe, na mwanangu huja kunichukua.